Barua za Wasomaji: Kwenda Pwani Bila Haraka

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba mkaaji wa Lubumbashi anayetamani bahari, mashamba ya zabibu na miji ya kale anaweza kuvipata vyote Tanzania, kwa kupita Zambia tu, na tena akizungumza lugha yake mwenyewe njia nzima ya pwani. Barua zilizofika baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechukua nne, na nimezifupisha kidogo.

*Bwana Mhariri, mimi na mama watoto tutatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi wa Agosti. Nilifanya kazi ya mgodi mpaka nilipostaafu, na katika miaka hiyo yote hatukusafiri pamoja ila kwa msiba au harusi ya ndugu. Sasa watoto wametuchangia fedha za siku 16, na kijana wetu wa mwisho ametupangia kuona Dar es Salaam, Zanzibar, Bagamoyo, Tanga, Arusha, Ngorongoro, Dodoma na Kilwa. Mke wangu anaumwa magoti, na haja yake ni bahari. Mimi nilitumikia misa nilipokuwa mtoto, nikashika chupa ya divai kila Jumapili, lakini mti unaozaa zabibu sijauona hata siku moja. Je, tufuate mpango wa mtoto?* — Baba wa watoto sita, Katuba

Baba, nakupongeza wewe pamoja na Mama, na kijana wenu namshukuru kwa mapenzi yake, lakini mpango huo msiufuate. Mahali panane kwa siku 16 maana yake ni kufunga na kufungua mabegi kila baada ya siku mbili, na katika hizo mbili moja inaliwa na barabara. Niliwahi kusafiri hivyo nilipokuwa kijana mwenye magoti mazima, na kitu pekee ninachokikumbuka cha Tanga ni kituo cha mabasi; jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu nilipita kando ya mapango ya Amboni bila kuyaona. Futeni Tanga, Arusha na Ngorongoro. Kilwa nayo nitaieleza chini, katika jibu la mwalimu, kwa kuwa ni ya watu wenye miguu imara. Zinabaki Bagamoyo, Dodoma na Zanzibar, na hizo zinatosha.

Kuhusu njia ya kufika, kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 2,000 kwa barabara, na kila mtu hapa anaijua foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China na yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka New Kapiri Mposhi, Zambia, hadi Dar es Salaam, ni safari ninayoipenda sana, lakini treni zake za abiria zimekuwa zikisimama na kuanza tena, kwa hiyo asikate tiketi ya basi la kwenda Kapiri mtu ambaye hajauliza kwanza kama treni ipo. Kwa ajili ya magoti ya Mama, nawashauri fedha za watoto ziende kwenye ndege, kwenda na kurudi, kisha polepole yenu muitumie huko huko mkifika. Masharti ya viza yaulizeni katika ubalozi mdogo wa Tanzania hapa mjini kabla ya kulipa chochote, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano msiiweke katika begi kubwa, ikae pamoja na pasipoti.

Laleni usiku mmoja tu Dar es Salaam, kisha nendeni Bagamoyo mkae usiku tano. Ni kilomita 70 hivi kuelekea kaskazini, na bahari iko mwisho wa kila kichochoro. Mji huo ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na tangu hapo umebaki mtulivu, wenye milango ya kuchongwa, kuta za mawe zinazomomonyoka na jahazi zinazosubiri maji yajae. Usiku tano kwa mji mdogo namna hiyo utaonekana mwingi, nami nausisitiza: siku ya kwanza mtatazama bahari kama wageni, siku ya tatu mtakuwa mmejua maji yanatoka saa ngapi, na Mama atakuwa na mahali pake pa kukaa jioni ambapo muuza kahawa anamfahamu. Katika misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, kuna mbuyu ulioumeza mnyororo wa chuma. Sogeeni karibu: gome limefunika pete za mnyororo kama midomo inavyofunika mfupa, na kipande kidogo tu bado kinachungulia nje.

Kutoka hapo rudini Dar es Salaam mpande treni mpya ya umeme. Ilianza kwenda hadi Dodoma Julai 2024, na ile ya mwendo wa haraka hufika kwa muda usiozidi saa nne. Sasa tumefika kwenye haja yako, Baba, na hapa nitakaa kidogo.

Dodoma iko juu ya uwanda wenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, karibu sawa na Lubumbashi yetu, ila mvua yake ni takribani nusu ya ile tunayoipata sisi. Ukame huo unaowasumbua wakulima wa mahindi ndio unaoufaa mzabibu, kwa sababu unyevu mwingi huleta ukungu unaoozesha majani na matunda. Wamisionari Wakatoliki waliupanda huko Bihawana katika miaka ya 1950 kwa ajili ya divai ya misa, ile ile uliyokuwa ukiishika utotoni mwako (neno lenyewe «divai» tulilipata kwa mapadri waliosema Kifaransa), na kutoka shamba la misheni ukaenea kwa wakulima wa kawaida, ambao leo wengi wao wana vipande vidogo vya ardhi, ekari moja au mbili.

Jambo la kuliona kwa macho ni hili. Huko Ufaransa mzabibu hulala wakati wa baridi kali na huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza, kwa hiyo ni mkulima anayeuamsha kwa mkasi: anapogoa matawi, mti unachipua upya, na baada ya miezi minne hivi vichala vimeiva. Ndiyo maana mzabibu ule ule huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa mvua, kuelekea Machi na Aprili, na mara nyingine katika kiangazi, Agosti na Septemba. Agosti yenu imeangukia pazuri, kwa kuwa zabibu za kiangazi ndizo zenye sukari zaidi. Nilipokuwa huko, mama mmoja mwenye shamba alinikatia kichala cha zabibu nyekundu, akakifuta vumbi kwa ncha ya khanga yake, akaniambia nisitafune mbegu. Ganda lilikuwa gumu na chungu kidogo, ndani utamu, na vidole vyangu vilibaki na rangi ya zambarau mpaka usiku. Aina inayolimwa zaidi kwa divai nyekundu inaitwa Makutupora, kwa jina la kijiji chenye kituo cha utafiti wa zabibu kaskazini mwa mji. Kwa divai nyeupe wengi hupanda Chenin Blanc. Msikichanganye kijiji hicho na stesheni ya Makutupora iliyo mbele zaidi kwenye reli, katika mkoa wa Singida, kwani ni mahali pawili tofauti.

Msitarajie majumba makubwa yenye bustani na wahudumu waliovaa tai. Ziara nyingi hufanyika kwa kupiga simu siku moja kabla, na mwenyeji wenu wa nyumba ya wageni ndiye atakayewatafutia mkulima au kiwanda kinachopokea watu, mjini au upande wa Hombolo. Nendeni asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Ombeni kuona matangi ambamo maji ya zabibu yanachachuka, mnuse, kisha muonje kidogo kidogo divai kavu kwanza na tamu mwisho, kwa sababu ukianza na tamu ile kavu itakuwa kama siki kinywani. Mkifika mezani, agizeni ugali wa uwele na mlenda kama Wagogo, wenyeji wa huko, wanavyokula, na mtaona kwamba bukari, yaani ugali wetu, ina ndugu wengi.

Mkiwa na siku ya ziada Dodoma, kodini gari mwende Kolo, katika wilaya ya Kondoa, mwendo wa saa tatu hivi kwa barabara ya lami. Kwenye miamba ya huko kuna michoro ya kale iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na zaidi ya miamba 150 yenye michoro imeorodheshwa. Ile myekundu ni kazi ya wawindaji: watu wembamba warefu, twiga na pofu; ile myeupe ilichorwa baadaye na watu wengine juu yake au kando yake. Wenyeji bado hufanya matambiko katika baadhi ya miamba hiyo, kwa hiyo mkikuta majivu au mabaki ya sadaka msiyaguse. Kupanda ni kwa miguu na kuna mwinuko mkali. Mama abaki chini na kitabu chake, nawe upande na mwongozaji wa ofisi ya mambo ya kale.

Mwisho Zanzibar, usiku nne, kwa meli ya saa mbili hivi kutoka Dar es Salaam. Mji Mkongwe, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hauna milima, na mbele ya nyumba nyingi kuna baraza, yaani benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta ili watu wakae. Kwa mtu mwenye magoti mabovu sijaona mji uliopangwa kwa huruma zaidi: hatua hamsini, unakaa, unasalimiwa, hatua hamsini nyingine. Usiku wenu wa mwisho uwe Dar es Salaam, ili meli ikichelewa kwa sababu ya upepo isiwakoseshe ndege.

*Mheshimiwa Mhariri, nafundisha historia katika shule ya sekondari. Ninaposimulia miji ya pwani, wanafunzi huniuliza: «Mwalimu, hayo yanatuhusu nini sisi wa Katanga?» Likizo ijayo nataka kwenda kuona mwenyewe, ili nirudi na jibu. Nianzie wapi?* — Mwalimu, Kamalondo

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zuri, na jibu lake liko njiani, tena pande zote mbili za njia.

Msiri, mwami (yaani mfalme) wa Garanganze aliyetawala huku Katanga kutoka Bunkeya, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Unyamwezi aliyekuja huku kutafuta shaba. Nchi hiyo ya Unyamwezi, ambayo Tabora ndiyo kitovu chake, ilikuwa katikati ya barabara ya misafara iliyotoka ziwa Tanganyika, ikapita Ujiji, Tabora na Mpwapwa, ikaishia baharini Bagamoyo. Pembe za ndovu, shaba na watu waliotekwa walipita njia hiyo; nguo, shanga na bunduki zikarudi. Na mwaka 1891, msafara wa kapteni William Stairs, uliotumwa kuichukua Katanga kwa niaba ya mfalme Léopold II, uliingia bara kutokea Bagamoyo. Tarehe 20 Desemba ya mwaka huo huo Msiri alipigwa risasi akafa. Ukisimama ufukweni Bagamoyo, unasimama mahali ambapo wale watu walishuka na kupanga mizigo yao. Mimi niliposimama hapo nilinyamaza muda mrefu, na sikuona haya.

Kuna pia habari ya mwili wa Livingstone. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu, yaani nchi jirani kabisa na sisi. Watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai, kisha wakaubeba mabegani kwa karibu miezi tisa mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwili ulilazwa usiku katika misheni, na ukazikwa London Aprili mwaka huo. Vitabu vya shule humtaja sana yule aliyebebwa. Nakuomba uwafundishe watoto majina ya waliobeba.

Baada ya Bagamoyo, nenda kusini hadi Kilwa Masoko, karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Chukua kibali katika ofisi ya mambo ya kale, uvuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani; maji yakiwa yametoka utashuka na kutembea ndani ya maji mpaka magotini, kwa hiyo vaa viatu vya kulowa. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 akausifu mji huo kwa uzuri wake. Msikiti Mkuu bado una nguzo na kuba zake, na ukiweka kiganja ukutani utaona kwamba mawe yenyewe ni matumbawe, yenye vishimo vidogo vya wadudu wa baharini, yaliyounganishwa kwa chokaa. Mbali kidogo, juu ya jabali, kuna Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye birika la pembe nane linaloelekea bahari. Magofu haya pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa kumomonyoka, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyatengeneza.

Kwa wanafunzi wako, jambo kubwa zaidi la Kilwa litakuwa dogo la kuenea kiganjani: sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba zenye maandishi ya Kiarabu. Huku kwetu wazee waliyeyusha shaba hiyo hiyo na kuimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kulipa mahari na kununua bidhaa. Waonyeshe picha za vyote viwili ubaoni, kimoja kando ya kingine, uwaache wazungumze.

*Mimi ni muuguzi, mume wangu ni shemasi katika kanisa letu, na sisi hatunywi pombe. Tungependa kuona zabibu za Dodoma na kisha kupumzika pwani. Je, hatutakuwa kero kwa wenyeji? Na mavazi je?* — Mama wa Kampemba

Mama, hamtakuwa kero hata kidogo. Dodoma ina watu wengi wasiokunywa, na wanaolima zabibu pia wamo miongoni mwao. Semeni mapema kwamba mnataka kuona shamba na kula matunda. Msimu wa mavuno zabibu mbichi huuzwa barabarani kwa kilo, na mkilipia ziara hakuna atakayewalazimisha kuonja. Osheni matunda vizuri, kwani hunyunyiziwa dawa ya ukungu.

Pwani wengi ni Waislamu, nanyi kwa kutokunywa kwenu mtakuwa karibu nao kuliko wageni wengi. Kitenge chako kinatosha kabisa. Funika mabega, vaa sketi inayopita magoti, na nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Jifunzeni «shikamoo» kabla ya kuondoka. Sisi hapa tumezoea «jambo» kwa kila mtu, lakini mzee wa Bagamoyo au Zanzibar hungoja shikamoo, naye hujibu «marahaba» kwa sauti inayoonyesha kwamba mmempa haki yake.

*Nafanya biashara ya nguo na vyombo. Nikienda Dar es Salaam kununua, hubaki na siku mbili au tatu za kusubiri mzigo upakiwe, nikilala hotelini Kariakoo bila kazi. Safari iliyopita nilikwenda kuona magofu, mtu akanishika njiani akajiita mwongozaji, nikamlipa, kisha nikadaiwa tena mlangoni. Nifanye nini safari hii?* — Mfanyabiashara, komini ya Kenya, Lubumbashi

Ndugu yangu, pole kwa fedha hizo. Katika kila eneo la mambo ya kale malipo hufanyika ofisini, na unapewa risiti. Anayekudai kabla hujaiona ofisi mjibu kwa upole kwamba utalipa ndani, uendelee kutembea. Mwongozaji mpate ndani pia, mkubaliane bei kabla ya kuanza.

Siku ya kwanza ibaki mjini: asubuhi na mapema nenda soko la samaki karibu na kivuko cha Magogoni, uone pweza na samaki wakinadiwa, halafu uingie Makumbusho ya Taifa, ambayo hayako mbali. Siku ya pili panda basi dogo la Bagamoyo na begi la usiku mmoja tu. Mchana nenda Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, kwenye mabaki ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya Waswahili wa kale, mengine yakiwa na nguzo. Lala Bagamoyo, na alfajiri ushuke ufukweni wavuvi wanaporudi. Simu iwe na moto, yaani chaji. Mzigo ukiwa tayari kabla ya wakati, watakupata ukiwa umbali wa kilomita 70 tu, na basi la kwanza la asubuhi litakurudisha kabla ya lori kufungwa turubai.